Nilitoa Prix ya Manège Bila Kupanda Hata Moja

*Barua ya musikilizaji wa Nyakasanza, yenye kusomwa siku ya ine, Alhamisi, asubuhi. Majina yote tumebadilisha.*

Mama Alphonsine wetu wa radio, nakusalimia weye na watu wote wa studio, na nakuomba usome hii barua ukiwa umekaa, juu miye mwenyewe naiandika nikiwa nimekaa, na mukono moja inashikilia meza.

Niko mwanaume wa miaka makumi sita na saba, nilikuwa directeur wa école primaire, shule ya watoto, hapa Bunia mpaka pension, na Nyakasanza yote wananiitaka Directeur mpaka leo, na hii jina njo ilinitia mu matatizo, juu mwezi wa kumi na mbili Yannick, ule kijana mwenye kufanyaka ma-affiche za ku ukuta na invitation za ndoa karibu na soko, alikuja kwangu na cravate mu shingo akasema, Directeur, tumeunda comité, tunataka kutoa tuzo, Prix ya Manège ya Kwanza mu Ituri, na kwa jury, ya kupima na kuamua, tunatafuta mutu mwenye hakuna anaweza kumubishia. Unajua mwenyewe vile mambo ya manège imekamata watu, tangu masoudeur, wachomeleaji, wamejua kukunja chuma na kufanya reli yenye kushuka kilima, unakaa mu kagari bila moteur, wanakasukuma kidogo tu, kisha kanaenda chini pekee yake na makona yake yote, watoto wanalia, wakubwa wanalia, na wakifika chini wanarudi ku mustari. Moja iko hapa kwetu Nyakasanza, ingine iko Marabo, ingine iko Gety. Basi nikakubali, na nani angekataa kuitwa président wa jury?

Tulikuwa watu watatu mu ile jury, lakini moja alipata matanga Mahagi, na mwingine alisema safari ya moto, ya pikipiki, inamuumiza mugongo, nikabaki miye peke, président na secrétaire na membre.

Sasa nafika ku zambi yenyewe. Mama, miye naogopa kupanda, na sisemi kuogopa kidogo. Ku église sijapandaka tribune ya chorale, ile ya juu ya waimbaji, hata siku moja. Ku nyumba, Véronique bibi yangu njo anapandaka ku meza kubadilisha ampoule ya taa, miye nashikilia meza. Mu classe, estrade ya mwalimu, ile ya hatua moja tu, yenyewe ilikuwa inanitosha. Wakati Yannick alikuja sikuwaza kama jury anapanda, nilifikiri jury anaangalia.

Véronique alisema hataniacha nitembee peke, na tulienda naye zote tatu. Yeye alipanda zote. Kila mahali nilimwambia apande mbele, kisha aende kusalimia wamama ku jikoni, miye nitapanda nyuma yake na kuandika cote zangu, pointi, na utulivu, na kila mara akirudi ananikuta na bic ya kuandika mu mukono na chapeau, kofia yangu, ku kichwa, ananiuliza na jina ya binti yetu vile anafanyaka, Papa Mireille, ulipanda? Najibu, nilipanda. Ni hivi tu nilifanya mara tatu, Mama, na sauti yangu haikubadilika.

Ya Nyakasanza sitaongea mingi, ni fupi, unapanda na unashuka kama vile mutu anakaa vibaya ku kiti.

Ku Marabo tulipokelewa na Mama Mbambu, ule mufanyabiashara mwenye kuuza mafuta na maharagi, manège ni yake na amekodisha soudeur. Huyu mama anajua kupokea mugeni. Aliniwekea fauteuil, kiti ya heshima, chini ya bâche ya kukinga jua, karibu kabisa, maji ya kunawa ilikuja ya moto, kuku ilikuja nzima, sombe, fufu nyeupe, na muziki, na arc ya maua yenye jina yangu. Nilikula na niliangalia. Kuna baba moja alishuka mu kagari akashikilia nguzo na mikono mbili kama vile ni ndugu yake, basi miye nikaandika: frisson, ule musisimko ya mwili, kumi na nane juu ya makumi mbili. Frisson yenyewe ilikuwa ya ule baba, sijui hata alikuwa nani.

Ku Gety ilikuwa imenyesha, na matope tele. Mwenye manège ni soudeur, kijana anaitwa Destin, alifanyaka kazi mu mashimo ya dhahabu, kule njo alijifunza vile kagari kanapita ku reli bila kuanguka. Hakukuwa kiti. Hakukuwa maji ya kunawa. Nilishuka ku moto na vumbi na matope mpaka mu masikio, na huyu kijana ananiambia, karibu Directeur, panda kwanza, chakula itakuja nyuma yake. Mama, weye uko mama wa hapa, unajua kwetu mugeni anaambiwa nini akifika. Anaambiwa kaa, kunywa, nawa, kula, kisha njo maneno inaanza. Niliona kama kijana hana heshima. Sasa nikiwaza vizuri, nilikuwa natafuta kitu ya kukasirikia, juu kama ningekubali kwamba ana haki ningepaswa kupanda. Véronique alipanda. Ile manège iko na kona tatu, na kona ya pili iko inageuka kama imesahau kitu nyuma, na pale kitambala yake ya kichwa, ya njano, yenye alifunga na fundo mbili, iliruka mpaka mu shamba ya muhogo. Mwanamuke wa miaka makumi sita na moja alishuka kichwa wazi, anacheka, machozi inatoka, anasema, Papa Mireille, hii njo yenyewe. Akapanda tena. Akapanda mara ya tatu. Nilimupa Destin kumi na moja juu ya makumi mbili.

Siku ya kutoa prix, mu salle ya paroisse, ukumbi ya kanisa, nilishika micro nikasema mbele ya watu wote: nimepanda zote tatu na mwili yangu, na ya Marabo njo ya kwanza. Walipiga makofi. Mbambu alipewa diplôme yenye wamefunga mu plastique, na wamama wa Marabo waliimba mpaka inje.

Ningenyamaza na hii mambo mpaka kufa, lakini wiki mbili kisha ile prix Destin alifika kwangu na kahiye, daftari, mu mukono. Hakukasirika. Alikaa, akakunywa chai, akasema, Directeur, siye tuko watu wa kujifunza, niambie tu kosa yangu iko wapi, nitatengeneza. Alikuwa ameshika bic. Ananiangalia. Sikujua manège yake ata kidogo, kona moja tu njo nilikuwa naikumbuka, juu ya kitambala. Nikamwambia: kona ya pili. Aliandika. Akapiga mustari mbili chini yake.

Mama, juzi alinitumia photo mu simu. Amepiga chaki pembeni ya kona ya pili, pahali ya kukata. Ameandika: Directeur, siku ya posho, Jumamosi, nakata, naweka reli ya kunyooka vile ulinifundisha, Mungu akubariki. Tangu ile photo sili vizuri, juu ile kona njo kitu ya muzuri kuliko yote nimeona mu hii provinsi kisha vita kutulia kidogo, na sijaipanda, na njo inakufa juu ya uongo yangu.

Na haijaisha. Mbambu ameandika jina yangu ku kagari ya mbele, DIRECTEUR, na rangi nyekundu, na siku ya yenga, Jumapili, kisha misa ananingojea Marabo, nipande wa kwanza mbele ya watu wote, na affiche ya Yannick iko ku kila ukuta. Véronique alipoisoma alichukua chapeau yangu, akashona elastiki ya kupita chini ya kidevu, akasema, hii sasa itakaa, akacheka pekee yake mpaka akafuta macho. Anafurahi juu ya heshima yangu. Sitaki ajue, juu kwa miaka makumi tatu na tisa ananihesabu kama mutu wa kweli.

Nakuomba unishauri. Naweza kupata malaria siku ya posho, nisiende Marabo? Naweza kumwambia Destin aache kona bila kumwambia sababu? Na diplôme ya Mbambu, nitaifanya namna gani?

Miye, Directeur mwenye kuogopa, Nyakasanza.

Mama Alphonsine anajibu:

Directeur, nilianza barua yako nikiwa nimekaa vile uliniomba, na niliimaliza nikiwa nimesimama, juu nilikuwa natafuta simu ya kupiga Gety.

Mbele nikugombeze, wacha niongee na mutu mwingine. Weye kijana wa Gety mwenye kushika scie, musumeno ya chuma. Jina yako tumeibadilisha, lakini kona ya pili yenye kupigwa chaki, mu Ituri nzima iko moja tu, na siye wote sasa tunaijua. Weka ile scie chini. Futa ile chaki. Kona yako haina kosa. Mutu mwenye alikuambia kosa hakuikaa juu yake ata dakika moja, na atakupigia mwenyewe leo. Kunywa chai, ungoje.

Sasa weye.

Kuogopa si zambi. Miye naogopa kuku mwenye angali muzima, jirani wote wanajua, na Mungu hajaniacha. Kama Yannick alikuja na cravate yake, ungemwambia, kijana, sipandi, tafuta mwingine, maneno ingeishia pale na tungekuwa na kicheko kidogo na kumaliza. Kosa yako ilianza pahali ulishika bic, na ilikomaa pahali ulishika micro.

Na usinidanganye na maneno ya kuku. Watu watasikia hii barua na watasema, aah, jury alinunuliwa na kuku ya Marabo. Hapana, ungekula ile kuku na bado ungeweza kutoa cote ya haki, tumbo haiandikake. Kitu yenye ulifanya inapita hapo. Kijana alikuambia panda kwanza, utakula nyuma, na ulimupa kumi na moja. Directeur, kati ya watu wote wa hii mambo, Yannick na comité yake, wamama wa kuimba, na weye président, ule kijana peke njo alichukua prix yako kama kitu ya kweli. Alifikiri umekuja kupima manège. Alitaka upime mbele ushibe, juu mutu mwenye ameshiba anaona kila kitu ni muzuri. Ile ilikuwa heshima kuliko fauteuil, na weye uliiona kama kukosa heshima.

Ulikuwa directeur miaka mingapi? Kama mwalimu wako alitoa pointi ku devoir ya mutoto yenye hakufungua, ungemufanya nini? Na kama mutoto alikuja na kahiye yake anauliza, mwalimu, kosa yangu iko wapi, na mwalimu anamuonyesha mustari moja yenye mutoto aliandika vizuri kuliko yote, anamwambia, futa hii? Ungemufukuza mbele saa ya récréation, ya mapumziko, ifike. Njo weye ule.

Watu wanafikiri prix inakuwa ya kweli juu ya salle yenye viti vya plastique, na photo, na diplôme yenye kung'aa. Wanakosea. Iko ya kweli kama mwenye kuitoa alipanda. Kama hakupanda, hata uifunge mu plastique mara kumi, umemupa Mama Mbambu karatasi ya bure. Na yeye hajui. Anaitundika mbele ya watu na moyo safi, anaandika jina yako na rangi nyekundu. Ule mama ulimukosea sawasawa na Destin, juu kama manège yake ni ya kwanza kweli, hakuna mutu ataamini tena.

Malaria usiiite, inajuaka njia ya kuja yenyewe.

Leo, radio ikimaliza kusoma hii, piga simu ku Gety. Usiseme nimebadilisha mawazo. Usiseme nimewaza tena juu ya kona. Utasema neno moja: sikupanda. Kisha nyamaza, wacha kijana aongee vile anataka kuongea, na kama atanyamaza muda murefu usikate. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, ana haki yake.

Kesho panda moto mpaka Marabo. Enda mwenyewe, usitume Yannick. Mama Mbambu, ata kama amenisikia leo ku radio, asingoje siku ya yenga, mbele ya wageni wake na chungu iko ku moto, kusikia hii mambo ku mudomo yako. Mukute ku duka yake ya maharagi, mwambie vile uliniambia miye, na fauteuil na ule baba wa nguzo, usiache kitu. Atakugombeza. Ni mufanyabiashara, anajua kugombeza, vumilia. Kisha muombe diplôme abaki nayo ku ukuta mpaka umepanda zote tatu, na ikiwa Marabo inashinda tena, utaitia sahihi mara ya pili mbele ya watu. Naona atakubali. Mutu mwenye kupika hivyo haogopi kupimwa.

Siku ya yenga, fête iendelee. Watu wa Marabo wamejitayarisha, usiwaharibie. Shika ile micro, yenye ulidanganyia njo ile ile utasemea ukweli, maneno kidogo, bila Kifaransa ya kuficha: nilisema nilipanda, sikupanda, naogopa, leo napanda. Watacheka. Utashangaa vile watakupenda. Kisha panda mu ile kagari yenye jina yako. Wiki yenye kufuata, Gety. Kisha yetu ya Nyakasanza, ile fupi, nayo ina haki. Na kila pahali kula ni nyuma, Directeur, si mbele. Hii iko juu ya haki, na iko pia juu ya nguo ya mutu mwenye atakaa karibu yako, kama chakula inataka kurudi.

Na comité itafute mutu wa pili wa jury. Usiende mbali. Uko na mwanamuke mu nyumba mwenye alipanda zote tatu, na ile ya Gety mara tatu, mu matope. Mu hii prix yenu yote, jury alikuwa moja, na mulimutuma jikoni.

Sasa ile neno ya mwisho, yenye ulisema na sauti ndogo, kwamba hutaki bibi yako ajue.

Directeur, rudia kusoma barua yako mwenyewe. Kona ya pili ya Gety ilichukua kitambala ya Mama Véronique, yenye fundo mbili, ikaitupa mu muhogo. Saa moja nyuma yake anatoka jikoni, anakuuliza, ulipanda? Unamwambia, nilipanda. Na chapeau iko ku kichwa yako, haijageuka ata kidogo.

Anajua tangu mwanzo. Ku Nyakasanza alijua, ku Marabo alijua, ku salle ya paroisse alipiga makofi na anajua. Miaka makumi tatu na tisa njo anapanda ku meza na weye unashikilia, ulifikiri hajaona? Alikungojea useme mwenyewe. Na aliposoma affiche, hakukuchekea mbele ya watoto, hakukuambia ukae nyumbani. Alitafuta sindano na uzi.

Elastiki haishonewake mutu mwenye atabaki ku fauteuil. Ule mama anataka ukae karibu yake mu kagari ya mbele, yeye na kitambala yake, weye na elastiki yako. Mushike mukono, fumba macho kama ni lazima, na ku kona ya pili ya Gety uyafungue.

Vaa chapeau.